Tushi ya haki ni ipi? Anachoangalia refa mtoto anaporusha mpira



Mwezi huu ukurasa wa shule na michezo tumeutoa wote kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo: kurusha mpira ukitoka nje. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tumezoea kusema tushi. Wenyeji wetu Watanzania wanasema mpira wa kurusha. Iteni mnavyopenda, ugomvi wake ni uleule.

Tangu mechi za watoto za Jumamosi zirudi, sisi walimu wa kujitolea tunaozisimamia tumeona kwamba kelele nyingi hazitoki kwenye penalti wala kwenye magoli. Zinatoka pembeni. Mtoto wa miaka 11 anarusha, upande mmoja unapiga kelele "Vibaya! Vibaya!", upande wa pili unajibu "Mwacheni, karusha sawa!", na refa anabaki katikati anageuza shingo. Na refa mwenyewe ni nani? Mara nyingi ni kijana wa miaka 15 au 16 tuliyempa kipenga asubuhi ileile. Mwezi uliopita mechi moja ilisimama karibu robo saa kwa sababu ya tushi moja tu. Maneno yalianzia kwenye mpira, yakaingia kwenye makabila, jioni yakawa yamefika bombani kwenye foleni ya maji. Wiki iliyofuata marefa wetu wawili walirudisha vipenga. Mmoja ni msichana, na ndiye aliyekuwa anaijua sheria kuliko wote. Alituambia: "Mwalimu, sheria naijua, ila siwezi kubishana na baba za watu."

Tumebaki na marefa watano kwa timu kumi na mbili. Wakipungua tena, Jumamosi za watoto zimekwisha. Ndiyo maana tunaandika.

Tuanze na kitabu. Mpira wa miguu una sheria 17, na zinatunzwa na bodi ya kimataifa iitwayo IFAB, iliyoanzishwa mwaka 1886. Kurusha ni Sheria ya 15, nayo ni fupi, ukurasa mmoja unaitosha. Inasema kwamba wakati mpira unatoka mikononi, mrushaji awe amesimama akiuelekea uwanja. Sehemu ya kila mguu iwe juu ya mstari wa pembeni, au iwe chini kwenye ardhi nje ya mstari. Arushe kwa mikono yote miwili, mpira ukitokea nyuma ya kichwa na kupita juu yake. Na arushe kutoka pale mpira ulipotokea. Basi. Hakuna kingine kuhusu namna ya kurusha.

Someni tena maneno haya: wakati mpira unatoka mikononi. Hapo ndipo refa anapoangalia. Kabla ya hapo mtoto anaweza kukimbia hatua kumi, kurukaruka, kumtazama huyu halafu akamrushia yule. Refa anasubiri nukta ile moja. Mzazi aliyepiga kelele mtoto akiwa bado anakimbia amehukumu kabla kesi haijafunguliwa.

Miguu inaleta ubishi mwingi kwa sababu watu wanadhani ni lazima mtoto awe nje kabisa, asiguse chaki. Sivyo. Mstari unaruhusiwa kukanyagwa. Hata vidole vikiwa ndani ya uwanja na kisigino kikabaki juu ya mstari, bado ni halali, kwa sababu sheria inadai sehemu ya mguu, haidai mguu mzima. Kosa linakuja mguu wote ukiwa umevuka mstari na kuingia ndani, au mguu mmoja ukiwa hewani wakati mpira unaondoka. Hili la mguu hewani ndilo kosa la watoto wetu hasa. Anataka nguvu, anakuja mbio, anarusha huku mguu wa nyuma umeinuka kama wa jogoo. Lakini akiuburuta ule wa nyuma, ncha ya kidole gumba ikawa bado inagusa vumbi, refa hana la kupiga. Kwa mtoto asiye na viatu ni rahisi kuona, kidole kinachora mstari wake mchangani. Kwa mwenye kandambili ni taabu kidogo: kandambili inaweza kubaki chini na mguu ukaruka!

Na hapa tuseme wazi jambo la uwanja wetu. Mstari tunauchora kwa majivu asubuhi, na kufika kipindi cha pili watazamaji wameshaufuta kwa miguu yao. Refa mwenye busara hawezi kumpigia mtoto kipenga kwa upana wa vidole viwili wakati hata yeye mstari hauoni. Tumewaambia marefa wetu hivyo: kama huna uhakika mguu ulivuka, haukuvuka.

Mikono nayo ina hadithi. Mtoto mdogo akipewa mpira mkubwa, ule wa namba 5 ambao ndio tulio nao, viganja vyake haviufuniki. Kwa hiyo anauweka kwenye paji la uso na kuusukuma mbele, kama anayetupa gunia. Hilo ni kosa, maana mpira haukutokea nyuma ya kichwa. Refa hapimi umefika nyuma sentimita ngapi. Anaangalia mwendo: je, ulianzia nyuma, ukapita juu, ukaachiwa? Kama ndiyo, mchezo uendelee. Kosa jingine ni mkono mmoja kurusha na mwingine kuusindikiza tu. Hapa muwe waangalifu. Kila mtu ana mkono wenye nguvu zaidi, na wa kulia ukisukuma kuliko wa kushoto si kosa. Kosa ni pale mkono wa pili umeshauacha mpira na mmoja ndio unaotupa.

Sasa tuje kwenye yale yanayopigiwa kelele na hayamo kabisa kwenye kitabu. Haya tungeomba myakate na kuyabandika ukutani.

La kwanza ni mpira kuzunguka. Ukizunguka hewani, watu wazima wanapiga kelele "Mkono mmoja huo!" Jamani, hakuna sheria inayokataza mpira kuzunguka. Mkono mmoja ukiwa na nguvu kidogo kuliko mwingine, mpira utazunguka. Refa anatazama mikono, siyo mpira uliokwisha kuondoka. Tukisema kweli, nusu ya tushi ambazo watu wa pembeni wanazikataa zinaanguka hapa.

Halafu eti miguu lazima iwe pamoja. Hapana. Ikiwa pamoja, ikiwa mmoja mbele mmoja nyuma, yote ni sawa. Eti mpira lazima uende mbele moja kwa moja. Hapana, hiyo ilikuwa zamani sana, tutaieleza. Mtoto anatakiwa kuuelekea uwanja, lakini anaweza kurusha kuelekea kulia au kushoto. Eti ukianguka karibu na miguu yake ni vibaya. Hakuna umbali ulioandikwa. Ila refa ana haki ya kuangalia kama aliurusha au aliudondosha tu, maana kuachia si kurusha.

Na vijana wakubwa wanaopenda maonyesho wametuuliza kuhusu kurusha kwa kupinduka kichwa chini. Pengine walisikia habari za Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi. Dakika za mwisho za mechi kati ya Iran na Hispania, Iran wakiwa nyuma 1-0, beki wao Milad Mohammadi aliubusu mpira, akakimbia, akapinduka nao hewani, akasimama na kusita, halafu hakurusha. Ikabidi ajipange upya na kuurusha kawaida. Watu walicheka dunia nzima. Lakini kupinduka kwenyewe si kosa, mradi wakati wa kuachia miguu yote iwe chini, mikono iwe miwili na mpira upite juu ya kichwa. Hapa kwetu tumekataza kwa watoto, na sababu yetu ni shingo zao.

Tuliahidi ya zamani. Kanuni za kwanza za chama cha soka cha Uingereza, za mwaka 1863, zilisema mpira ukitoka nje, mchezaji wa kwanza kuugusa ndiye anayeurusha, na lazima autupe kwa kunyooka kutoka kwenye mstari. Hebu fikirieni mbio hizo kwenye uwanja wetu, na mtaro ulivyo karibu! Mikono miwili haikudaiwa. Ilikuja kudaiwa mwaka 1882, kwa kuwa mtu mwenye bega zuri akitumia mkono mmoja alikuwa anafikisha mpira mbali mno. Kwa hiyo hii mikono miwili, hii nyuma ya kichwa, hii miguu chini, vyote viliwekwa ili kurusha kubaki njia ya kurudisha mpira mchezoni, kusigeuke silaha.

Hata hivyo silaha imebaki kidogo. Wale mnaofuatilia ligi ya Uingereza mnamkumbuka Rory Delap wa Stoke City, msimu wa 2008 na 2009. Alirusha kutoka pembeni mpaka mbele ya goli, mabeki wakawa wanaiogopa tushi yake kama kona. Na mwaka 2016 kwenye mashindano ya Ulaya, Aron Gunnarsson wa Iceland alirusha mpira mrefu dhidi ya Uingereza, mwenzake akaupiga kichwa, mwingine akafunga. Iceland, nchi ndogo, ilishinda 2-1. Liverpool nao mwaka 2018 walimwajiri Thomas Grønnemark, Mdenmark, awe mwalimu wa kurusha tu. Kazi yake yote ilikuwa tushi! Kwa hiyo mtoto wenu akiomba kufanya mazoezi ya kurusha nyuma ya nyumba, msimwambie anapoteza muda.

Tunarudi kwa refa. Mpira ukitoka, jambo la kwanza analouliza ni kama umetoka kweli. Mpira ni lazima uvuke mstari wote mzima, chini au hewani. Ukiwa umebaki kidogo juu ya chaki, bado uko ndani, hata kama mzee aliyekaa kwenye ndoo pale pembeni anaona tofauti. Halafu nani aliugusa mwisho. Anaonyesha kwa mkono upande unaorusha. Ndipo anaangalia kurusha kwenyewe, na hapa macho mawili hayatoshi kutazama mikono na miguu kwa wakati mmoja. Kwenye mechi kubwa wanagawana: mshika kibendera aliye karibu anatazama miguu na mstari, refa wa kati anatazama mikono. Sisi washika vibendera wetu ni wazazi au wanafunzi wenye kitambaa kwenye kijiti. Tunawaomba kazi moja tu, kuonyesha kwamba mpira umetoka. Makosa ya kurusha wamwachie refa. Mshika kitambaa ambaye mwanawe yumo uwanjani hawezi kuwa hakimu wa miguu ya mtoto wa mwenzake, na yeye mwenyewe anajua.

Pale mpira ulipotokea nako kuna busara. Sheria inasema mahali pale. Refa hachukui kamba. Hatua moja au mbili nyuma, kwenye nusu yake mwenyewe, anaacha. Lakini kijana anayeiba hatua kumi kuelekea goli la wapinzani anarudishwa.

Na akikosea kweli, kinachofuata ni nini? Hapa wengi watashangaa jinsi adhabu ilivyo ndogo. Tushi inapewa timu nyingine, wairushe kutoka palepale. Hakuna faulo, hakuna kadi, hakuna goli linalofutwa la wiki iliyopita. Na kama mpira umegonga ardhi nje kabla ya kuingia uwanjani, timu ileile inarudia. Hawanyang'anywi. Hili tumeona marefa wetu wakizomewa kwa kulifanya sawasawa.

Mengine tunayapitia haraka. Ukirusha moja kwa moja golini kwa wapinzani bila mtu kuugusa, si goli, ni goli kiki. Ukijirushia kwenye goli lako mwenyewe, wapinzani wanapata kona. Hakuna kuotea kwa anayepokea tushi moja kwa moja, kwa hiyo mshambuliaji anaweza kusimama nyuma ya mabeki wote akisubiri, acheni kupiga kelele. Kipa hadaki kwa mikono mpira aliorushiwa na mwenzake. Mrushaji hagusi mpira mara ya pili mpaka mwingine auguse. Na mpinzani akae mita 2 au zaidi kutoka pale panaporushwa. Mtoto anayeruka na kupunga mikono usoni mwa mrushaji anaweza kupewa kadi ya njano, kwa kuwa huo si uungwana.

Kwa wadogo kabisa, walio chini ya miaka 9, sisi walimu tumekubaliana jambo ambalo halimo kwenye Sheria ya 15, na tunataka lijulikane ili refa asionekane anapendelea. Mtoto akikosea kurusha, refa anasimamisha, anamwonyesha, anamwacha arudie mara moja. Akikosea tena ndipo mpira unakwenda upande wa pili. Mahali pengine duniani watoto wa umri huo hawarushi kabisa, wanaanzisha kwa mguu. Tuliwahi kulifikiria hilo, lakini watoto wenyewe walikataa. Kurusha ndiyo nafasi pekee ambapo kila mtu uwanjani anamsubiri yeye, na mtoto ambaye siku nzima anasubiri wengine, kwenye mgao, kwenye zahanati, kwenye bomba, hiyo nafasi anaipenda.

Wazazi wa wasichana tunao neno nao. Baadhi yenu mmesema kipenga si kazi ya binti. Jirani yetu Rwanda alitoka Salima Mukansanga. Januari 2022, kule Kamerun, alichezesha mechi ya Zimbabwe na Guinea kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika mashindano hayo. Mwishoni mwa mwaka huohuo alikuwa mmoja wa marefa watatu wanawake walioteuliwa kwa Kombe la Dunia la wanaume kule Qatar. Naye aliwahi kuwa mtoto wa miaka 15. Yule msichana wetu aliyerudisha kipenga bado anakuja uwanjani kila Jumamosi. Anakaa upande wa shule, anatazama, na tushi ikirushwa tunamwona midomo inatikisika, anahukumu kimyakimya. Hatujampa mtu mwingine nafasi yake. Tulikwenda kuzungumza na mama yake, na mama anasema atamruhusu siku watu watakapoacha kumtukana mtoto wake kwa jambo ambalo hawalijui. Tulikosa cha kumjibu.

Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi kabla ya mechi ya kwanza, refa wa siku atasimama kwenye mstari na mtoto mmoja, ataonyesha tushi tatu za halali na tatu za makosa, na watazamaji wataambiwa ipi ni ipi na kwa nini. Ni dakika tano tu. Mwenye kubisha abishe wakati huo, mpira ukiwa bado haujaanza. Mechi ikishaanza, malalamiko yaletwe kwa mwalimu wa zamu baada ya kipenga cha mwisho, wala yasipelekwe kwa refa. Mzazi atakayeingia uwanjani kumfuata refa, timu ya mtoto wake itasubiri mpaka atoke, na muda huo hatutaufidia. Viongozi wa zoni tumeshawaeleza nao wamekubali.

Wanaotaka kujifunza urefa, wavulana kwa wasichana, kuanzia miaka 14, waje Alhamisi saa kumi jioni nyuma ya madarasa ya msingi. Tutafanya Sheria ya 15 kwanza, halafu ya 11, ile ya kuotea, na hiyo itatuchukua Alhamisi zaidi ya moja. Waje na daftari na kalamu. Nyumbani mnaweza kuanza hata leo: chora mstari kwa kijiti, mtoto asimame, arushe juu ya kamba ya nguo, na wewe tazama vidole vya miguu yake tu, mikono mwachie mama yake. Mpira wa makaratasi na mifuko unafaa kabisa, tena kwa viganja vidogo unashikika kuliko ule wetu.

Majivu ya kuchorea mistari yanapokelewa kila Ijumaa jioni kwa mwalimu wa zamu. Yawe makavu na yasiwe na makaa. Na mwenye sindano ya pampu ya mpira, ile iliyoazimwa mwezi wa pili, airudishe.